Mkalafati na Siku ya Kumi

Mtu muungwana akisifiwa hadharani huinamisha kichwa kwa haya. Sagaris alisifiwa akiwa amejibanza nyuma ya kaburi la mtu mwingine, masikio wima, na hakuona haya hata chembe.

Asubuhi ile mkalafati huyu, fundi wa kuziba nyufa za vyombo, alikuwa ameteremka bandarini Rodo kutoka merikebu ya Wafoinike, baada ya mwaka mzima na miezi miwili. Akakuta mtaa wao mtupu. Genge la vitunguu la Karpos limefungwa, kibanda cha dengu cha mama Tatia kimefungwa, nyumba ya chama nayo komeo. Ndipo akakumbuka tarehe. Leo ilikuwa siku ambayo Chama cha Zeu wa Wageni hutoka nje ya ukuta wa mji kwenda kuwavika wafu wao mataji. Hakuuliza mtu. Alishika njia ya makaburini mbio mbio, furushi mgongoni, akicheka peke yake kwa kuwaza watakavyomrukia.

Alipokaribia akasikia sauti ya Karpos, mpiga mbiu wa chama. Siku za kawaida sauti hiyo huuza vitunguu, na soko zima hulazimika kuisikia likitaka lisitake. Sasa ilikuwa ikinguruma juu ya makaburi:

"Chama kinamvika taji la dhahabu Sagaris wa Frigia, mkalafati!"

La dhahabu! Chama kile cha wageni na watumwa walioachwa huru kilikuwa kimezoea kutoa mataji ya majani ya mzeituni, yanayokauka kabla ya divai kumalizika. La dhahabu lilikuwa halijatolewa tangu mwaka wa tetemeko. Mtu mwenye akili timamu angejitokeza pale pale na kusema, jamani, mimi huyu hapa. Lakini mtafute mtu aliyekula miaka hamsini bila kuambiwa hata mara moja kwamba amefanya vizuri, halafu umwambie asimame atoke katikati ya sifa zake. Sagaris alijikunyata, akafumba macho, akasikiliza.

"Kwa kuwa merikebu ya ngano ilipopasuka karibu na Kipro," Karpos akaendelea, "yeye alishuka chini peke yake, akaziba ufa kwa mgongo wake, hata watu thelathini na mmoja wakaingia mashuani salama, na mmoja wao ni mtoto wa raia wa mji huu. Naye akazama nayo."

Wanawake wakaanza kwikwi. Sagaris mwenyewe akafuta chozi. Ilikuwa kweli tupu, isipokuwa hapo mwisho, maana alitoka baharini ameng'ang'ania ubao, akaokotwa na Wafoinike, akaugua homa Beruti, kisha majira ya baridi yakafunga bahari.

"Na kwa kuwa alipokuwa hai alikuwa mwema kwa chama. Paa la nyumba yetu lilipovuja, alilipaka lami siku tatu bila kudai ujira..."

"Tisa!"

Lilimtoka lenyewe. Akajikuta amesimama wima juu ya kaburi, kidole kimenyooka.

"Siku tisa, Karpos! Tatu za nini? Si wewe mwenyewe ulinishikia ngazi?"

Sitaeleza jinsi watu sitini wanavyokimbia kwenye njia nyembamba kati ya makaburi, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya nyuma. Moschion, mkuu wa chama, mzee wa ndevu zilizochanwa vizuri na mwendo wa taratibu, aliruka ukuta ambao vijana huuzunguka. Karpos aliangusha karatasi na kiatu. Aliyebaki ni Tatia muuza dengu peke yake, ameshika kikapu, anamtazama Sagaris juu mpaka chini. Baadaye alisema kuwa hata yeye alitaka kukimbia, ila magoti yalimkatalia.

"We mkalafati," alisema. "Umekonda."

"Mama Tatia! Ni mimi!"

"Naona. Usinisogelee."

Wenzake walirudi kidogo kidogo, mawe mkononi. Sagaris akawaonyesha mikono yake, myeusi kwa lami ya miaka arobaini, akawaita mmoja mmoja kwa majina, akamkumbusha Karpos deni la matusi aliyomtukana sikukuu ya mwisho kabla ya safari. Mzuka haukumbuki matusi. Wakaanza kulia, wakaanza kucheka, Karpos akafungua mikono kumkumbatia.

"Mtu yeyote asimguse!" Moschion akapiga kelele kutoka juu ya ukuta. "Tumemzika!"

"Mmezika nini?" Sagaris akauliza.

"Nyundo yako na kofia. Tumechinja, tumelia siku tatu, tumemaliza taratibu zote. Wewe kwa sheria ya dini ni maiti, ndugu yangu. Ukiingia nyumba ya chama, nyumba imenajisika. Ukila nasi, sote tumenajisika. Na nani bandarini atakayeruhusu maiti amkalafatie chombo?"

Karpos akashusha mikono, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli. Mtu akishafanyiwa mazishi hawezi kurudi tu kama aliyekwenda kuchota maji.

Huyu Sagaris hakuwa na pengine pa kwenda. Alizaliwa milimani Frigia, na hakumbuki huko kitu ila harufu ya kondoo walionyeshewa. Akiwa na miaka minane aliuzwa mnadani, akaletwa Rodo, akakabidhiwa sufuria ya lami ya kukoroga. Kutoka kukoroga akapanda kupaka, kutoka kupaka akapewa nyundo na nyuzi za kitani azipigilie kwenye maungio ya mbao. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, lakini sifa humwendea nahodha, na ikibaki kidogo humwendea seremala. Hakuna anayemkumbuka mkalafati mpaka maji yaingie. Tajiri wake alipomwacha huru, alikuwa na miaka thelathini na saba, hana baba, hana mama, hana mke, na alipojiunga na Chama cha Zeu wa Wageni ndipo kwa mara ya kwanza mtu aliyempita njiani akamwita ndugu. Kwa hiyo kumfungia mlango wa chama ni sawa na kumrudisha baharini bila ubao.

Wakamwendea kuhani wa Apolo. Mzee yule aliwasikiliza akiwa amekaa mbali na Sagaris, upande upepo unakotoka, kisha akatoa hukumu. Aliyekufa hana njia ya kurudi kwa walio hai ila ile moja ambayo sote tulipitia. Na azaliwe. Apatikane mwanamke atakayemzaa, amwoshe, amviringishe nguo za kitoto, amnyonyeshe, akae naye ndani kama anavyokaa mzazi na mwanawe. Siku ya kumi apitishwe kuzunguka jiko la nyumba na kupewa jina. Hapo atakuwa mtu kama watu. Na mwanamke huyo atakuwa mama yake kweli kweli, wa kumzika na kuzikwa naye.

"Basi rahisi!" Sagaris akasema waliporudi makaburini, furaha imempanda tena. "Wanawake wa chama wako kumi na wanne."

Ndiyo, kumi na wanne. Wa kwanza alisema mumewe hatakubali. Wa pili alisema mgongo. Wa tatu akasema lile ambalo wote walikuwa nalo moyoni: kwamba anayeipokonya kuzimu mtu wake hudaiwa mwingine badala yake, na yeye ana watoto wadogo. Baada ya hapo kila mmoja alitazama viatu vyake.

"Na jambo jingine," Moschion akakohoa. "Tuelewane mapema. Taji alivikwa Sagaris aliyekufa. Huyu atakayezaliwa atakuwa mtoto wa siku moja. Mtoto wa siku moja hakuokoa mtu yeyote, hakupaka paa la mtu yeyote. Akizaliwa, taji linafutwa, na jina kwenye jiwe la kaburi linafutwa."

"Linafutwa?" Sagaris akaruka. "Nilikaa chini mle maji yakinifika kidevuni!"

"Alikaa marehemu."

"Marehemu si mimi?"

"Ndilo tunalolisema siku nzima."

Sagaris akalitazama jiwe. Hakujua kusoma, lakini jina lake alilijua kwa sura, kama mtu anavyomjua jirani yake kwa mgongo. Lilikuwa limechongwa kwa kina, ndani ya herufi rangi nyekundu, na juu yake duara la taji. Roho ilimuuma. Hata hivyo swali hilo lilikuwa bado, kwa sababu hakuna aliyekubali kumzaa.

"Nitamzaa mimi," Tatia akasema.

Wote wakageuka. Mwanamke wa miaka sitini na zaidi, mjane kutoka Karia, mfupi, mkali, vidole vimeungua kwa kukaanga dengu.

"Mama, umri wako..." Moschion akaanza.

"Umri wangu una nini? Au mlitaka azaliwe na punda? Nitamzaa leo hii, jua likiwa juu. Kuzimu ikitaka mtu badala yake, inajua ninapokaa, na haitapata kitu cha maana."

Basi akazaliwa, na mtaa ule ulikuwa haujawahi kuona uzazi wenye kelele namna ile. Trifera mkunga alimkalisha Tatia kwenye kiti cha uzazi, akamvika joho la marehemu mumewe, pana kama tanga. Sagaris alitakiwa aingie chini ya joho kutoka nyuma, atambae, atokeze mbele. Mabega yakakwama. Wanawake, wale wale waliotazama viatu asubuhi, sasa walikuwa wamejaa chumbani, wanaimba, wanapiga makofi, na wengine wamekaa chini kwa kicheko.

"Lia, Tatia!" Trifera akaamuru. "Mzazi halii?"

"Nilie vipi na jitu lenyewe linanitekenya kwa ndevu!"

"Sukuma!"

"Asukume yeye, si ndiye mwenye nguvu!"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi!" mmoja akapaza sauti, na chumba kikaanguka kwa vicheko.

Sagaris alitokeza kichwa, mwekundu, akitweta, na Trifera akamchapa kofi la kumfanya alie. Hakulia. Wakamwosha kwenye beseni, na hapo kicheko kikapungua, maana mgongoni alikuwa na alama za mijeledi ya zamani, na juu yake kovu jipya, pana, lililoachwa na ubao wa merikebu ile. Tatia aliosha taratibu, akarudia sehemu ambazo zilikuwa zimekwisha kutakata. Wakamviringisha mashuka matatu kutoka shingoni mpaka miguuni. Kisha Tatia akachovya kitambaa katika maziwa ya mbuzi na asali, akakishika kifuani pake, akamnyonyesha. Mlangoni wakatundika taji la majani ya mzeituni, kama ilivyo nyumba yoyote iliyopata mtoto wa kiume.

Siku zilizofuata zilikuwa za mchezo kwa watu wote isipokuwa mzazi mwenyewe. Mtoto mchanga hatoki nje, basi Sagaris alilala kwenye mkeka karibu na jiko, akala uji wa shayiri, akasimulia habari za Beruti kwa yeyote aliyechungulia dirishani. Karpos alikuja kila siku kumzomea.

"Ameota jino?"

"Njoo uchungulie, nikung'ate!"

"Mama Tatia, huyu mwanao ana ndevu kuliko babu yangu. Umemlisha nini?"

"Vitunguu vyako vibovu!" Tatia akajibu.

Lakini kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Tatia alikuwa akiinama juu ya mkeka, ameweka kiganja mbele ya pua ya Sagaris. Mara ya kwanza Sagaris alidhani anafukuza nzi. Siku ya tano alifungua macho akamkuta vile vile, kiganja puani.

"Nini, mama?"

"Hakuna. Lala."

Tangu siku ya saba hakuenda hata kibandani kwake. Alikaa akimtazama.

Siku ya tisa, mchana, Moschion alikuja mwenyewe. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, ndevu zimechanwa, na sauti yake, ambayo kwa kawaida hutembea polepole kuliko yeye, ilikuwa ikikimbia.

"Sagaris! Baraza la mji limekubali!"

"Limekubali nini?"

"Yule kijana uliyemwokoa, mtoto wa raia, baba yake amesimama barazani amekusemea. Taji lako, taji lile la dhahabu, litatangazwa kwenye uwanja wa maigizo! Keshokutwa, sikukuu ya Dioniso, kabla ya waimbaji kuingia. Si huyu Karpos wetu. Mpiga mbiu wa mji! Watu elfu kumi watasimama. Sagaris wa Frigia, mkalafati! Mtumwa aliyeachwa huru! Jambo hili halijawahi kutokea tangu mji ujengwe!"

Sagaris alikuwa ameketi, mashuka yamemshuka hadi magotini. Elfu kumi! Mabaharia, manahodha, maseremala, tajiri wake wa zamani kama bado anaona, wote wamesimama.

"Na mji utatupa kiwanja cha makaburi nje ya lango la kusini," Moschion akaendelea. "Wewe unajua wafu wetu tunavyowabananisha. Lakini taji ni la mtu aliyekufa kwa ajili ya mji. Kesho ukipewa jina, habari itaenea mjini, na baraza litafuta kila kitu. Mji humpa marehemu kwa moyo mweupe kwa sababu hatarudi kesho kuomba jingine. Sasa sikiliza. Kuna merikebu inaondoka alasiri hii kwenda Kosi. Nahodha hakujui. Huko wanataka wakalafati mpaka wanalia. Ukiondoka leo, bado hujapewa jina, kwa sheria bado wewe ni marehemu. Sisi tutafunga midomo. Wewe utaishi huko kwa jina lolote, na hapa Sagaris atatangazwa, na kutangazwa tena kila mwaka, mpaka wajukuu wa wajukuu wetu."

"Nisisikie mwenyewe?"

"Si utajua? Utakuwa umekaa Kosi, siku ile, saa ile, nawe unajua."

Sagaris alikuwa amesimama bila kujijua. Mashuka yalianguka miguuni. Ndiyo, alitaka. Sitamsingizia utakatifu. Alilitaka taji lile kama mtu wa jangwani anavyotaka maji. Alilitaka tangu sufuria ya kwanza ya lami.

"Nipe nafasi nifikiri," alisema.

"Fikiri upesi. Upepo umeshageuka," Moschion akajibu, akasogea kivulini kungoja.

Sagaris alipogeuka alimkuta Tatia anafunga furushi. Mkate, tini kavu, dengu za kukaanga katika kitambaa. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi haraka haraka, na uso ameuelekeza ukutani.

"Umesikia," Sagaris akasema.

"Mimi si kiziwi."

"Watu elfu kumi, mama."

"Ni wengi." Akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. "Hizi dengu ule kwanza, zisipate unyevu."

"Mbona hunizuii?"

"Nikuzuie kwa lipi? Nimekuzaa siku tisa zilizopita, tena kwa shida." Alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. Akakaa kwenye kigoda. "Sikiliza, nitasema mara moja, halafu uende. Mimi nilizaa watoto watatu. Wa kwanza aliishi siku tatu. Wa pili, siku tano. Yule wa mwisho, msichana, alifika siku ya saba, nikaanza kuwaambia majirani waje kwenye karamu. Mtoto hupewa jina siku ya kumi. Wangu hawakufika. Kwa hiyo hawana majina. Siku za wafu, wenzangu wote wanawaita watoto wao makaburini, mimi nasimama tu pale. Nikitaka kuwalia sijui nimwite nani."

Sagaris aliketi chini mbele ya kigoda.

"Sijawahi kuiona siku ya kumi," Tatia akasema. "Nilikuwa nataka kuona asubuhi yake inavyokuwa. Ndiyo sababu nilikubali, usidhani ni wema. Ungekaa mpaka kesho alfajiri tu, nikuone umeamka, halafu ukaenda zako."

"Kesho alfajiri merikebu haipo."

"Najua. Basi nenda. Nimesema tu."

Akamsukumia furushi. Kule nje Moschion alikuwa anakohoa makusudi.

Sagaris alilishika furushi lile. Alikwenda mpaka dirishani. Kutoka pale aliona milingoti bandarini, na tanga moja lililokuwa likipandishwa. Alisimama muda ambao Tatia aliuona mrefu kuliko uchungu wote wa uzazi aliowahi kuupata.

"Mzee Moschion!" akaita.

"Naam, twende, haraka!"

"Mwambie mpiga mbiu wa mji apumzishe koo lake."

"Unasema nini? Sagaris! Unajua unachokitupa?"

"Ninajua. Hata wewe hujui kama ninavyojua mimi." Akaliweka furushi chini. "Samahani kwa kiwanja. Nitawachimbia makaburi mwenyewe, hata kwenye mwamba. Lakini mimi siendi."

Akafunga dirisha. Akarudi kwenye mkeka, akajilaza chali, akakusanya mashuka juu ya miguu yake.

"Mama, nifunge tena. Hizi nguo zimelegea, nitapata baridi."

Tatia alimfunga. Alikaza vifundo mpaka mtoto akaguna.

Siku ya kumi kulikucha na jua kali. Tatia aliinama juu ya mkeka, kiganja puani, na Sagaris akapuliza kwa nguvu mpaka nywele zake nyeupe zikaruka. Mwanamke yule alitoka mlangoni bila viatu, akapiga kelele mtaa mzima: "Ameamka! Siku ya kumi! Njooni mmwone, ameamka!" Majirani wakatoka na vyombo vyao, pweza wa kukausha, jibini, keki za ufuta, divai. Hata Moschion alikuja. Alikuwa amenuna kwa ajili ya kiwanja, na asubuhi ile ile alikuwa amemtuma mchongaji akalikwangue jiwe la marumaru mpaka liwe tupu, lakini alikuja, na alikula kuliko wote.

Karpos na wanaume watatu wakambeba mtoto kuzunguka jiko. Walimwangusha mara moja.

"Shikeni miguu!" Karpos akalalamika. "Mama Tatia, ungezaa kidogo kidogo!"

Walipomaliza mzunguko wa tatu wakamweka chini mbele ya moto. Watu wakatulia. Karpos akajikohoza, akasimama kama asimamavyo mbele ya chama, tayari kutangaza.

"Mzazi, jina la mtoto?"

Watu wote walidhani atasema Sagaris. Sagaris mwenyewe alidhani hivyo. Tatia alishika kingo za nguo yake.

"Ninalo jina," alisema polepole. "La baba yangu. Nilikuwa nimeliweka tangu mimba ya kwanza, miaka arobaini na tatu sasa. Halijapata mtu." Akamtazama mkalafati. "Kama hutaki, nitasema lako la zamani."

Jina la zamani lilikuwa ndilo kitu pekee alichokuja nacho kutoka milimani, na jana lilikuwa bado kwenye marumaru, ndani ya duara. Mkalafati aliutazama moto.

"Mtoto huchagua jina, mama?" alisema. "Niite wewe."

Tatia alisogea mbele ya moto. Trifera akamshika mkono. Akafungua mdomo, na jina likatoka kubwa kuliko alivyokusudia, kama anaita mtu aliye mbali bondeni.

"Imbras!"

"Naam, mama."

Chumba kizima kililipuka kwa vigelegele, Karpos akalitangaza jina dirishani kwa sauti ya vitunguu, divai ikamwagika. Tatia hakuwasikia. Alikuwa amesimama pale pale, mikono usoni, na kwa kuwa sasa alikuwa anaweza, akaliita tena.